Kerubo Ameanguka Barafuni

Jumatatu asubuhi. Baridi, na ukungu mzito kutoka upande wa Ekerenyo, hapa kwetu Nyamira. Mvua ya mawe ya jana haijaisha kuyeyuka. Imebaki marundo meupe chini ya migomba, na chai iliyokuwa tayari kuchumwa wiki hii imekuwa vijiti vitupu. Sijaenda kuitazama kwa karibu.

Wanaokuja kwenye blogu hii kutafuta muhtasari wa Historia wa kidato cha tatu wanisamehe. Leo hakuna somo.

Simu yangu iko mezani, kando ya kompyuta, nimeichomeka kwenye sola. Spika iko wazi. Upande wa pili, katika hospitali moja ya Norwei, binti yangu amelala. Namsikia akipumua. Kuhusu miguu yake bado sijui la kusema, na ndiyo maana ninaandika. Nikikaa bure nitapiga kelele, na mama yangu yuko chumba cha pili.

Nianze mwanzo, taratibu.

Kerubo aliondoka hapa akiwa na miaka sita, ameshikwa mkono na mama yake, Bosibori, ambaye ni nesi. Mimi nilikuwa niwafuate. Kisha baba yangu akafa, Mama akabaki peke yake na shamba, mwaka ukazaa mwaka mwingine, na mwishowe mimi na Bosibori tukaachana kwa simu, kwa adabu, kama watu wanaofunga duka lisilo na wateja. Kwa Kerubo nikabaki sauti ya Jumapili.

Alipofika umri wa kujibu kwa neno moja moja, tuliishiwa na la kuzungumza. Shule? Njema. Baridi? Ipo. Umekula? Ndiyo. Nilikuwa nikiiogopa simu ile kuliko mkaguzi wa shule.

Hoki ndiyo iliyotuokoa. Si ile ya uwanjani, ambayo wasichana wetu hucheza kwa magongo na mpira mdogo mweupe. Hii huchezwa juu ya barafu, wachezaji wamevaa viatu vyenye makali ya chuma chini, wanakimbiza kidude cheusi cha mpira kilichopondeka kama chapati. Kerubo alijiunga na klabu ya mji wao akiwa mdogo, akawa beki. Jumapili moja alikuwa ukumbini kwao akisubiri mazoezi, hana la kuniambia, akaanza kunitembeza na simu kwenye ukuta wa picha. Nikamwomba anisomee maandishi yaliyo chini ya picha. Mimi ni mwalimu wa Historia. Sikuweza kujizuia.

Tangu siku hiyo tulikuwa na somo letu. Kila Jumapili picha moja, yeye akitafsiri kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, mimi nikiuliza maswali.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba klabu ile ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha mbao. Majira ya baridi yalipofika walifunga uwanja wa kandanda, wakaumwagia maji kwa mipira ya bustani, na baridi ikafanya kazi iliyobaki. Picha ya kwanza ina wanaume waliovalia sweta zilizofumwa na wake zao, kila moja na wekundu wake. Baadaye walijenga ukumbi wenye mashine ya kugandisha maji. Wakawa mabingwa wa nchi. Kuna picha ya nahodha amebebwa juu mabegani mbele ya kanisa, na Kerubo aliniambia kuwa yule mzee bado yuko hai, huja mazoezini kunoa viatu vya wasichana.

Halafu wakajiona wakubwa. Wakaleta wachezaji kutoka nchi za mbali na kuwaahidi zaidi ya walichokuwa nacho. Kiwanda cha mbao kikafungwa. Klabu ikafilisika, mahakama ikaifuta, hata jina likaondolewa kwenye paa la ukumbi. Ukutani kuna picha ya paa hilo likiwa tupu. Kerubo alipita haraka pale, nikamwambia rudi.

Waliobaki, wazazi na mwoka mikate mmoja, waliisajili upya kwa jina jingine lakini kwa rangi zilezile nyekundu na nyeupe. Walianza ligi ya chini kabisa. Wavulana walikuwa wametawanyika kwenda miji mingine, hawakutosha timu, kwa hiyo wakaita wasichana. Timu ya wasichana ndiyo iliyokua. Ilipanda, ikapanda tena, mpaka ikafika ligi kuu, na kwa miaka hii ya karibuni ndiyo inayoibeba klabu nzima.

Jana walikuwa wanacheza mechi ya kuamua kama watabaki ligi kuu au watashuka. Halmashauri ya mji ilikuwa imeshasema kwamba wakishuka, mashine ya barafu itazimwa. Umeme wa kuilisha ni mwingi na mji ni mdogo. Kerubo aliniambia hivyo Jumapili iliyopita. Nilijua maana yake. Binti yangu ana miaka kumi na tisa na maisha yake yote ya huko yako ndani ya jengo lile.

Nilianza kutazama mtandaoni mwendo wa saa kumi jioni. Mawingu yalikuwa yameshashuka juu ya milima. Mama alikuwa jikoni akichambua chinsaga, ile mboga chungu anayoipenda, na mara mbili aliniita niondoe chombo chochote cha chuma nje. Baba yangu aliuawa na radi. Alikuwa amejikinga mvua kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, pamoja na wengine, na ikamchagua yeye. Tangu hapo ngurumo ikisikika, Mama hufunika kioo, huzima redio na kukaa mbali na mlango. Simcheki. Mimi mwenyewe huhesabu moyoni kati ya mwanga na ngurumo.

Walikuwa wamefungana bao moja kwa moja. Kerubo alikuwa akikimbilia kile kidude pembeni, mgongo umeelekea uwanja, na mchezaji wa timu nyingine alikuwa nyuma yake. Sidhani alikusudia. Alimgonga tu, kama watu wanavyogongana mlangoni. Kerubo akatangulia kichwa kwenye ubao wa pembeni.

Alianguka kifudifudi. Sikuona mkono ukisogea. Sikuona mguu.

Refa alipiga filimbi, mchezaji mmoja wa timu ya Kerubo akavua glavu na kuzitupa. Kisha wasichana wote wa timu yake walikuja wakasimama duara, mabega kwa mabega, migongo kwa kamera. Nilielewa wanafanya nini. Tulifanya hivyohivyo pale kituo cha majani, nilipofika na majirani na kumkuta baba chini. Tulisimama duara ili watoto wasione.

Hapo mwanga ukaingia chumbani, ngurumo papo hapo, hakukuwa na nafasi ya kuhesabu. Stima ikapotea. Mtandao ukapotea. Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati kwa kishindo hata huwezi kusikia mawazo yako.

Nilipiga simu ya Bosibori. Hakuna kitu. Nilipanda juu ya kiti, nikainua simu hadi darini kama mtu anayeomba. Hakuna kitu. Nilijua mlingoti wa mtandao wa Ekerenyo ukipigwa na radi huweza kukaa kimya mpaka kesho yake.

Mama alisimama mlangoni mwa jikoni akanitazama.

"Ni nini?"

"Kerubo ameanguka."

"Ameanguka wapi?"

"Kwenye barafu. Hainuki. Lazima niende mahali penye mtandao."

Alitazama nje. Mawe yalikuwa yakiruka uani kama mahindi kwenye kikaango.

"Baba yako pia alikuwa na haraka," akasema. "Nikikukosa wewe, nitabaki na nani?"

Nilikuwa naogopa kutoka, na nilikuwa naogopa zaidi kubaki. Nilisimama katikati ya chumba kama ng'ombe aliyefungwa kamba mbili. Nayaandika haya kwa sababu watu hudhani mapenzi ya mzazi huondoa woga. Hayaondoi.

Mama ndiye aliyeamua. Alifungua kabati, akatoa koti la mvua, akanivalisha mwenyewe na kunifunga vifungo mpaka shingoni.

"Genda," akasema. Nenda. Kisha akaingia chumbani kwake, nikamsikia akilitaja jina la Nyasae, Mungu wetu, akirudia.

Nilikimbia hadi barabarani. Mawe yalinipiga kichwa na mabega. Pale kibandani alikuwepo Ombati, kijana wa bodaboda niliyemfundisha zamani, amejikunyata na wenzake nyuma ya pikipiki zao. Nilimwambia ninakotaka kwenda, Nyamira mjini, sasa hivi.

"Mwalimu, radi hii inatafuta mtu," alisema.

"Najua."

"Ni nini kimetokea?"

Nikamweleza. Akawasha pikipiki. Mwenzake mmoja akanivua kofia yangu iliyolowa na kunivika helmeti yake.

Sitaielezea safari ile yote. Barabara ilikuwa nyeupe, na pikipiki iliteleza kwenye mawe hata Ombati akawa anaburuta miguu yote miwili chini ili tusianguke. Kila mwanga ulipopiga nilimkumbatia kiunoni kama mtoto. Njiani miti miwili ilikuwa imeanguka. Niliwaza kwamba nikifa hapa, Kerubo akiamka atauliza Tata, yaani baba yake, yuko wapi, na Bosibori atakosa la kumwambia. Halafu wazo jingine likaja, nikalisukuma, likarudi: pengine Kerubo hataamka.

Tulisimama chini ya paa la kituo cha mafuta, tukielekea kuingia mjini. Simu ikapata mtandao, ikaanza kulia yenyewe, ujumbe juu ya ujumbe, wote wa Bosibori. Sikusoma hata mmoja. Nilipiga.

"Baba Kerubo," alisema. Bado huniita hivyo. "Uko mahali unaweza kukaa?"

"Sema."

"Amezinduka. Anazungumza. Anajua jina lake na anajua siku. Lakini hahisi miguu."

Niliketi kwenye saruji.

"Wanampeleka kupigwa picha ya uti wa mgongo sasa. Nitakupigia. Usiondoke hapo ulipo."

Bosibori ameona mengi kazini kwake, na sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Namjua. Sauti yake hutulia hivyo hali inapokuwa mbaya.

Ombati aliegesha pikipiki akaja kuketi kando yangu. Nilimwambia aende, kuna abiria watakaotaka kurudi nyumbani mvua ikipungua. Hakuondoka. Baada ya muda akauliza, "Mwalimu, huko kwenye barafu huwa wanatafuta nini?"

"Kuna kidude cheusi cha mpira. Wanataka kukiingiza golini."

Alitoa mahindi ya kuchemsha mfukoni.

"Na anapenda?"

"Anapenda sana."

Akatikisa kichwa, si kwa dharau. Akanipa nusu ya mahindi yake. Nilishika mahindi yale mpaka yakapoa.

Wakati wa kusubiri nilifungua ukurasa wa klabu. Sijui nilitaka nini. Waliisimamisha mechi muda mrefu, wakaiendeleza. Timu ya Kerubo ilifungwa bao la pili karibu na mwisho. Wameshuka. Chini ya matokeo walikuwa wameweka picha ya wasichana wamepiga magoti barafuni.

Na sasa nitaandika jambo ambalo sikumwambia mtu. Niliposoma kwamba wameshuka, nilifurahi.

Nilifurahi kwa sababu mashine itazimwa. Barafu itayeyuka, na mwanangu hatakuwa na mahali pa kuangukia. Klabu iliyotupa mimi na yeye maneno ya kusemezana miaka yote hii, watu wale na sweta zao, yule mzee na jiwe lake la kunolea, nilitaka yote yaishe na yawe maji. Nilitishika nilipojua kwamba ndani yangu mna mtu wa namna hiyo. Nikazima skrini.

Giza lilikuwa limeshaingia Bosibori alipopiga tena.

"Mfupa haujavunjika," alisema, na safari hii sauti ilitetemeka, nikajua ni habari njema. "Uti umetikisika, umepata mshtuko. Daktari amemchoma unyayo wa kushoto kwa kitu chenye ncha, naye akasema anahisi. Wa kulia bado, ila vidole vimesogea kidogo. Wanasema huenda hisia zikarudi zote. Wamesema huenda, Baba Kerubo. Sitaki nikudanganye."

Kisha akampa simu.

"Tata."

Sauti ilikuwa ndogo, kavu. Nilisema nipo.

"Nani alishinda? Hapa kila mtu ananificha. Hata Mama."

Nilimwangalia Ombati kana kwamba angenisaidia. Ningeweza kusema sijui, mtandao ulikatika. Ingekuwa nusu ya kweli. Lakini tumekaa mbele ya ukuta ule miaka mingi, mimi ndiye niliyemwambia arudi kwenye picha ya paa tupu.

"Mlishindwa," nikasema. "Mbili kwa moja."

Baadaye nikasikia analia, na Bosibori akimwambia atulie, asitikise shingo. Niliogopa kwamba nimemvunja kwa neno langu mwenyewe.

"Watazima," alisema mwishoni.

Nilipaswa kusema kwamba la muhimu ni uhai wake, kwamba huo ni mchezo tu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Maneno ya kumwomba aache pia yalikuwa tayari, nyuma ya hayo. Niliyameza yote.

"Pole, mwanangu," nikasema. "Pole sana."

"Usikate simu, Tata. Mama anaenda kuzungumza na daktari. Sitaki kulala peke yangu."

Kwa hiyo sikukata. Ombati alinirudisha polepole mvua ikiwa imeisha, simu iko ndani ya koti, kifuani. Ilikatika mara kadhaa, nikapiga tena, Bosibori akapokea kwa kunong'ona na kuiweka kando ya mto. Nilipofika nyumbani mtandao wa huku ulikuwa umesharudi.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Ni Mama huyuhuyu asiyekaa karibu na mlango mvua ikinyesha. Alinigusa uso, masikio na mabega, kama anayekagua ndama.

"Wewe umerudi. Mtoto je?"

Nikamwambia yote, pamoja na lile neno huenda. Alitaka kumsikia. Nikamshikia simu sikioni. Mama hajui Kinorwei, na Kerubo anajua Ekegusii cha kusalimia tu, lakini pumzi haina lugha. Alisikiliza muda mrefu, kisha akasema, "Anapumua kama wewe ulipokuwa na surua."

Hatukulala sana.

*

Nimeacha kuandika kwa muda na sasa nimerudi. Jua limechomoza, ukungu unapanda.

Nilisikia mlango ukifunguliwa upande wao, viatu, sauti za wanawake wawili, nadhani wauguzi, wasiojua kwamba kuna Tata anayesikiliza mezani Nyamira. Kerubo akawajibu. Sikuelewa hata neno.

"Tata, uko?"

"Niko."

"Wanataka nisimame."

Mama alikuwa ameingia na kikombe changu cha chai. Aliona uso wangu akasimama palepale. Nikasikia kitanda kikikwaruza. Nikasikia Bosibori akisema polepole, polepole, kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ile nyingine. Kerubo alitoa pumzi kama mtu anayeinua mtungi. Kitu fulani cha chuma kiligonga sakafu. Baada ya hapo kimya, na katika kimya hicho niliona kila kitu ambacho mzazi hatakiwi kuona.

"Nimesimama," alisema. Hakuwa na furaha kwenye sauti, alikuwa anashangaa tu. "Wa kulia ni kama si wangu. Lakini nimesimama. Miguu inatetemeka, Tata."

"Yangu pia," nikasema.

Akacheka kidogo. Akasema wanamrudisha kitandani, kwamba daktari atakuja, kwamba nisikate lakini akisinzia tena nisiogope.

Mama aliniuliza kwa Ekegusii amesema nini. Nikamwambia amesimama. Aliweka kikombe mezani bila kumwaga, akachukua kikapu chake, akatoka kwenda kutazama kilichobaki shambani.

Shule inaningoja. Kidato cha pili wana mtihani na mimi ndiye msimamizi. Nitakwenda na simu mfukoni, mwalimu mkuu atanielewa.

Kerubo hajasema kama atarudi barafuni. Pengine hakutakuwa na barafu ya kurudia, pengine wazazi na waoka mikate wa mji ule watakutana tena na kuanzia chini. Wameshawahi. Mimi sijamwuliza anataka nini. Akisema ameacha, nitajua jambo limevunjika ndani yake ambalo picha za hospitali hazikuliona. Akisema atarudi, nitatazama kila mechi nikiwa nimeshika kiti kwa mikono miwili.

Nitamwuliza siku gani? Majibu yake ni mawili tu, na yote mawili ninayaogopa.